Kisigino Anausikia Mchanga

Watu wengi wanaotazama gofu kwenye televisheni hudhani mchanga ule mweupe umemwagwa tu, kama fundi mwashi anavyomwaga wake kando ya barabara, kisha mtu akapitisha reki ili upendeze. Ingekuwa hivyo, Kisigino angekuwa dereva wa trekta au mkata nyasi kama wenzake, na mimi nisingekuwa na la kusimulia. Mchanga wa gofu huchekechwa, humwagiliwa, hushindiliwa, kisha hulazwa. Ukiandaliwa vibaya, unaweza kumtoa machozi mwanamume mzima mbele ya kamera.

Kisigino alikuwa mtu wa mchanga katika uwanja ule tangu nywele zake zikiwa nyeusi zote. Uwanja ulikuwa na njia kumi na nane, kila moja ikiishia kwenye nyasi fupi zilizonyolewa, na katikati ya nyasi hizo kitundu chenye bendera. Pembezoni ndiko yalikokuwa mabanka, yale mashimo mapana ya mchanga yaliyochimbwa makusudi ili kumtega mchezaji. Wenzake walipogoa miti, waliziba mabomba, walinoa visu vya mashine. Yeye aliyalea mabanka. Kila moja alilijua tabia: lile linalokaa na maji baada ya mvua, lile linalokaushwa na upepo kabla ya saa nne, lile ambalo mbwa wa mlinzi amelifanya choo chake na hakuna wa kumshitaki.

Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye kitambulisho. Uwanjani aliitwa Kisigino, kwa sababu ya jambo alilolifanya kila asubuhi kabla hajagusa reki. Alivua mabuti na soksi, akaingia bankani pekupeku, akakandamiza kisigino cha kulia mchangani, akatulia. Wageni walidhani anasali. Kisha alitamka moja kati ya mawili: "Nausikia," maana yake mchanga umekaa sawasawa, leta reki, au, "Siusikii vizuri," maana yake leta maji, leta na mashine ya kushindilia.

Alilitumia neno hilo kama sote tunavyolitumia tunaposema tunasikia baridi, tunasikia njaa, tunasikia mwiba. Msimamizi wa uwanja, mama mmoja mkali na mwenye haki ambaye wote walimwita Madamu, alikuwa amesomea mambo ya nyasi na udongo kwa miaka, na alikuwa na vipimo vyake. Hata hivyo alipenda kuuliza, "Kisigino amesemaje?" kabla hajaandika chochote. Vipimo na kisigino havikuwahi kugombana.

Na hapa lazima nieleze kidogo kuhusu mchanga, vinginevyo yaliyotokea baadaye yataonekana madogo. Mchezaji wa kulipwa haogopi mchanga. Sisi wengine mpira ukitumbukia bankani tunakunja uso kama tuliolamba ndimu, lakini yeye huingia humo bila papara, akakita miguu, akapiga mchanga nyuma kidogo ya mpira, na mchanga wenyewe ukaubeba mpira hadi juu. Anaweza kufanya hivyo kwa sababu anajua chini kuna nini. Mchanga ulioshikamana huirudisha fimbo upesi. Mchanga uliolegea huimeza. Ukiupiga huu kama ulivyoupiga ule, umekwisha.

Waandaaji wa mashindano wakitaka kuwatesa wachezaji, wana namna zao. Wapo wanaotaka reki za meno mapana, zile zinazoacha matuta, ili mpira ulale kati ya tuta na tuta. Mwaka mmoja waliagiza matuta yapigwe kukingama badala ya kuelekea bendera, na Mrefu, mwenzake Kisigino wa reki, akauliza kama wapande na viazi kabisa. Wachezaji siku ile walitukana kwa lugha zote walizojaliwa. Lakini kuna jambo moja ambalo hakuna mwandaaji aliyewahi kuliagiza, nalo ni mabanka kutofautiana. Yawe magumu yote, au yawe laini yote. Mchezaji ajifunze mara moja, kisha atahiniwe. Kazi ya Kisigino, ukiondoa maji na jasho, ilikuwa hiyo tu: kuhakikisha kwamba mchanga wa mwanzo ndio mchanga wa mwisho.

Sasa miguu. Sukari ilimwingia Kisigino kama inavyowaingia wengi, bila kubisha hodi. Alipewa vidonge, akavinywa alipokumbuka. Halafu vidole vya miguu vikaanza kuchonyota, hasa akiwa amelala, na yeye akayalaumu mabuti mapya. Baadaye kuchonyota kukaisha, akafurahi, masikini, akadhani amepona. Kumbe ganzi ndiyo iliyokuwa imeingia. Ilipanda polepole kutoka kwenye vidole hadi kwenye nyayo, kutoka nyayo hadi visigino, mpaka asubuhi moja akakandamiza mchanga kama kawaida yake na hakukuwa na kitu. Alikandamiza tena. Aliona kwa macho kisigino kimezama, lakini kwa jinsi alivyosikia, kingeweza kuwa kisigino cha mtu mwingine.

Alishikwa na hofu ambayo hakuwahi kuijua. Dada yake mkubwa aliingia hospitali akitembea na akatoka akisukumwa, mguu mmoja umebaki huko, na miaka aliyoishi baada ya hapo aliishi kwenye kiti karibu na dirisha, shuka mapajani. Kisigino alipokwenda kumwona, macho yake hayakujua yakae wapi. Kwa hiyo alikata shauri kwamba hili halitatoka mdomoni mwake. Mke wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Pacha kwa ajili ya mabinti wao wawili waliokwisha kuolewa, alipomuuliza kama anameza dawa, alijibu "Nameza." Alipomuuliza kuhusu miguu, alijibu, "Miguu ina nini? Si hii hapa?"

Kufunga mdomo ni rahisi, lakini mchanga ulitaka jibu kila asubuhi. Ndipo akagundua masikio. Kisigino kikipiga mchanga ulioshikamana hutoa mlio mfupi, tup. Kikipiga uliolegea hutoa fuuu, kama mtu anayepuliza chai. Basi akaacha kukandamiza, akaanza kupiga. Mrefu aliliona hilo wiki ileile.

"Siku hizi unaupiga mateke mchanga wa watu," alimwambia. "Umekukosea nini?"

"Nauamsha."

"Na ukiamka?"

"Nautuma kwako ukakusaidie kuvuta reki, maana wewe umelala."

Walicheka, yakaisha. Na njia ile ya masikio ilifanya kazi, tena vizuri mno. Alikuwa makini kuliko alivyowahi kuwa, akaja mapema zaidi kabla mashine za nyasi hazijawashwa, akainamisha kichwa akisikiliza. Alisema "Nausikia," na hakuwa anasema uongo. Ila alijua, na hilo ndilo lililomkosesha amani, kwamba wenzake walisikia neno moja na yeye alikuwa ametamka jingine.

Mashindano makubwa yalikuja baada ya mvua kubwa. Maji yalikuwa yamebomoa ukuta wa banka la njia ya kumi na saba na kuusomba mchanga wake, ikabidi umwagwe mchanga mpya. Mchanga mpya ni kama mgeni, unahitaji muda wa kukaa. Punje zake hazijashikana, na hata ukiushindilia leo, kesho unaweza kukuta umefumuka. Kisigino aliumwagilia, akaushindilia, akaumwagilia tena. Mkaguzi wa mashindano alikuja na kifaa chake, fimbo yenye tufe mwishoni la ukubwa wa mpira wa gofu, akakichomeka katika mabanka kadhaa akisoma namba. Agizo lake lilikuwa mchanga mgumu chini, vidole viwili vya ulaini juu, mistari ya reki ielekee bendera, na mabanka yote yawe vilevile. Kila alipotaja namba, Kisigino alikuwa ameshasema. Siku ya tatu mkaguzi akaacha kupima.

"Mimi nafuata kisigino," alisema, na Madamu akatabasamu, jambo lililokuwa nadra.

Asubuhi ya siku ya mwisho, watu wa televisheni walikuwa wameegesha lori lao nyuma kidogo ya njia ya kumi na saba, na jenereta lake lilikuwa linaunguruma tangu kabla hakujapambazuka. Kisigino alilisikia akiwa bado mbali. Alipofika kando ya banka na kuvua mabuti, sauti ile ilikuwa imejaa kila mahali. Mrefu alisimama ukingoni na mpira wa maji begani. Jua lilikuwa linaanza kuchomoza, na wachezaji wa mwanzo walikuwa wamekwisha kufika.

Kisigino aliingia, akapiga kisigino. Hakusikia tup wala fuuu. Alipiga mara ya pili kwa nguvu zaidi, akiwa ameinamisha kichwa, na kilichomrudia kilikuwa jenereta tu.

"Vipi, unausikia?" Mrefu alipaza sauti.

Angeweza kusema jenereta lizimwe kidogo. Alilifikiria hilo, na papo hapo akaona sura ya Mrefu ikimuuliza: mguu na kelele wapi na wapi? Mtu anayesikia kwa unyayo anahitaji ukimya wa nini? Redio ya mkononi ya Mrefu ikakoroma, sauti ya Madamu ikauliza kama kumi na saba iko tayari, maana wanasubiri hapo tu. Kisigino alitazama mchanga. Kwa macho ulikuwa mzuri. Jana yake ulikuwa umekaa sawa.

"Kisigino! Unausikia?"

"Nausikia!" alijibu.

Mrefu alibaki akimtazama kidogo, kisha akakunja mpira wa maji.

Mchana watumishi waliruhusiwa kusimama nyuma ya kamba na kutazama. Aliyekuwa anaongoza alikuwa mchezaji wa makamo ambaye mashabiki walimwita Mvi kwa ajili ya ndevu zake, mtu aliyekaa miaka mingi akishika nafasi ya tano na ya sita, na mwaka huu, kwa mara ya kwanza, watu walikuwa wamemwachia nafasi ya kuota kikombe. Alifika njia ya kumi na saba akiwa mbele. Mpira wake ulidunda kwenye nyasi fupi, ukakata kushoto, ukajiviringisha taratibu hadi bankani, ukakaa vizuri kabisa juu ya mchanga. Watazamaji hawakushtuka. Siku zote hizo Mvi alikuwa ametoka kwenye mabanka kama anatoka sebuleni kwake.

Aliingia. Alikita miguu, akaisokotasokota mchangani kama wafanyavyo, kisha akaacha. Alitazama chini. Akaitoa miguu, akaikita upya, akatazama chini tena. Kisigino, nyuma ya kamba, alijua mara moja kilichokuwa chini ya miguu ile. Alitaka kupiga kelele. Lakini angesema nini, mtumishi wa reki, katikati ya ukimya ule?

Mvi alipiga. Mchanga uliruka mwingi, mwingi mno, na mpira ukachupa kidogo tu, ukagonga ukingo wa banka, ukarudi na kusimama karibu na kiatu chake. Watu wote walitoa sauti moja ya chini. Aliupiga tena, safari hii kwa wasiwasi, ukavuka bendera na kwenda upande wa pili kabisa. Alipotoka njia ile hakuwa tena mbele, na kikombe kilikwenda kwa kijana mmoja aliyekuwa tayari ameanza kufungasha vitu vyake.

Jioni, wakati wa kutoa zawadi, waandaaji walikuwa na furaha isiyo kifani. Mashindano yaliyoelekea kuisha kwa usingizi yalikuwa yamepinduka zikiwa zimebaki njia mbili tu, na watu wa televisheni hawakuzungumza jingine. Mkaguzi alimshika Kisigino mkono, akamleta mbele ya viti.

"Huyu ndiye fundi wa banka lile," alisema, na watu wakapiga makofi. Kisha akamnong'oneza, "Kumbe ulituwekea mtego mmoja wa akiba. Mwakani niandalie miwili."

Kisigino alisimama pale akiwa na kofia mkononi. Madamu alikuwa amekaa safu ya mbele na hakupiga makofi. Alikuwa amekunja uso kama mtu anayejumlisha na hesabu inakataa. Mrefu alimpokea aliporudi nyuma.

"Umevikwa kilemba cha ukoka," alimwambia kwa sauti ya chini. "Tena ukoka wenyewe tumeukata sisi."

Ulikuwa utani, lakini Mrefu hakucheka.

Walikwenda stoo kuosha reki. Stoo ilikuwa chumba kirefu cha mabati chenye harufu ya mafuta ya mashine na nyasi zilizochacha. Kisigino alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anasugua meno ya reki ambayo yalikuwa safi tayari, mtu alipobisha mlangoni. Alikuwa Mvi. Alikuwa amevua viatu vya kuchezea na kuvaa kandambili, na bila kofia alionekana mzee kuliko kwenye televisheni.

"Wewe ndiye wa banka la kumi na saba?"

"Ndiye mimi."

"Sijaja kugombana, ndugu yangu. Nina swali moja tu, na tafadhali usinipe jibu la kunifurahisha." Aliketi kwenye kizingiti. "Mliliandaa vile makusudi?"

Kisigino aliendelea kusugua reki.

"Nakuuliza kwa sababu hii," Mvi aliendelea. "Nilipokita miguu niliusikia umelegea. Niliusikia kabisa. Nikasema haiwezekani, mabanka yote tangu siku ya kwanza ni magumu, hili moja liwe laini kwa nini? Nikaona ni mimi. Uzee huu, miguu imeanza kunidanganya. Nikaikatalia, nikapiga kama pale ni pagumu. Sasa kama mlikusudia, sawa, nimetegwa na nimetegeka. Lakini kama pale palikuwa pagumu kama penginepo na ni miguu yangu tu inayoniacha, nataka nijue leo. Nikatundike fimbo, nikalee wajukuu."

Jibu jepesi lilikuwa pale pale, limekaa tayari kama kiti. Makusudi, mzee mwenzangu. Ni ufundi. Mvi angekwenda zake akiwa ameridhika, mkaguzi angebaki na furaha yake, na kesho Kisigino angeamka, akaenda mapema, akainamisha kichwa chake mchangani kama jana. Nani angejua? Lakini mtu yule alikuwa ameketi kwenye kizingiti na kuishika miguu yake miwili kwa mikono, kama mzazi anavyoshika mtoto mwenye homa, na Kisigino alishindwa.

"Miguu yako ni mizima," alisema. "Ulichosikia ndicho kilichokuwepo. Mchanga ulikuwa umelegea."

"Kwa hiyo mlikusudia."

"Hapana. Mimi ndiye sikusikia."

"Hukusikia kivipi?"

"Sisikii kitu." Aliweka mkono katikati ya goti na kifundo. "Kuanzia hapa kushuka chini. Tangu mwaka jana. Nimekuwa nabahatisha kwa masikio, na leo kulikuwa na jenereta."

Kisigino alijiandaa kutukanwa, na kusema kweli alitamani atukanwe.

"Ungesema, ndugu yangu," Mvi alisema. Aliinuka, akamgusa bega, akaondoka akiburuta kandambili zake kwenye kokoto, na maneno yale yalimchoma Kisigino kuliko tusi lolote.

Mrefu alikuwa kwenye kona muda wote, reki mkononi.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua nini?"

"Sikujua ni nini hasa. Lakini wewe huanguki kwenye ngazi ile ya stoo mara mbili mwezi mmoja bila sababu, halafu ukainuka bila kutazama umeumia wapi. Nilikuwa nangoja useme mwenyewe. Na leo asubuhi nilitaka kurudia kumwagilia, nikaona nitakuaibisha." Alitundika reki ukutani. "Twende kwa Madamu. Halafu nyumbani. Utamwambia shemeji wewe, au nimwambie mimi?"

Madamu alisikiliza akiwa amesimama mlangoni pa ofisi yake. Hakumgombeza. Alisema mkaguzi ataambiwa ukweli, na Madamu mwenyewe ndiye atakayemwambia, kwa sababu mkaguzi ndiye aliyeacha kupima. Kisha akasema kwamba kesho Kisigino haingii uwanjani, anaingia hospitali, na kwamba hilo halikuwa ombi.

Nyumbani, Mama Pacha alimsikiliza mpaka mwisho, mikono imekaa mapajani. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi, na ukimya wake ulimtisha mumewe kuliko chochote. Alipomaliza kusimulia, mke wake alipiga magoti mbele ya kiti, akaanza kumvua buti la kulia. Lilikuwa gumu kutoka. Lilipotoka, kitu kikaanguka sakafuni, kikaviringika hadi chini ya meza.

Mama Pacha alikiokota. Kilikuwa kijiti cha mbao chenye kichwa cha duara, vile vya kuwekea mpira wa gofu, na ncha yake ilikuwa nyeusi.

"Hiki nini?"

"Ni vile vijiti vya wachezaji. Viko kila mahali kule."

"Kilikuwa humu ndani?"

"Labda kiliingia nilipovua mabuti asubuhi."

"Asubuhi," alirudia Mama Pacha. "Baba Pacha, umetembelea hiki tangu asubuhi?"

Alivuta soksi. Ilikuwa imegandamana na unyayo, na chini ya vidole palikuwa na tundu, si kubwa, lenye kingo nyeupe. Palikuwa na harufu. Kwa jinsi kingo zilivyokuwa nyeupe, hata mtu asiyejua kitu angejua kwamba kijiti kile kilikuwa kimekuta tundu tayari, na kwamba tundu lilikuwa na umri wake. Mama Pacha aliuinua mguu ule, akauweka kwenye mapaja yake, akaanza kulia kwa hasira.

"Nalala na wewe kitanda kimoja," alisema. "Kitanda kimoja! Umenificha mguu kama mtu anayeficha mwanamke!"

Kisigino aliona aibu, na chini ya aibu aliona nafuu kidogo, ya mtu aliyekuwa amebeba kitu kizito peke yake na sasa wamekuwa wawili.

Kesho yake walikaa kwenye benchi la kliniki tangu milango ilipofunguliwa. Kuta zilikuwa zimepakwa rangi ya kijani hadi usawa wa bega na nyeupe kutoka hapo kwenda juu, na watu waliokuwa wakingoja hawakutazamana miguu. Alipoitwa, mke wake aliingia naye bila kumuuliza mtu. Muuguzi alikuwa binti mpole mwenye miwani, umri wa mabinti wao. Alisafisha tundu, akalifunga, akasema daktari ataliangalia na ataamua la kufanya. Kwanza lakini alitaka kujua ganzi imefika wapi. Alimlaza Kisigino kitandani, akachukua kishikio kidogo chenye uzi mgumu mwishoni, mwembamba kama wa kuvulia samaki, akautumia kujigusa mkono wake mwenyewe ili aone kwamba hauumi.

"Nitakugusa na huu kwenye nyayo, baba, huu mguu halafu ule. Utafumba macho. Kila ukisikia nimekugusa, sema ndiyo. Sawa?"

"Sawa, mwanangu."

Alifumba macho. Alikusanya akili zake zote, akazishusha miguuni kama alivyokuwa akifanya zamani mchangani, enzi ambazo angeweza kukwambia kama umande ulianguka mapema au ulichelewa. Hakutaka mguso hata mmoja umpite. Alijiambia kwamba huenda mguu wa kushoto una uhai kidogo, maana kila siku alipiga kwa wa kulia, na kwamba hata ndiyo mbili tatu zingekuwa kitu cha kuanzia. Alisikia kiti cha muuguzi kikisogea. Alisikia nguo yake ikichakarika. Alisikia mtoto akilia huko nje, na pumzi za mke wake, ambazo zilikuwa zinakuja kwa kukatikakatika, na hakuelewa ni kwa nini. Alingoja.

Alingoja kwa subira yake yote. Mwishowe alidhani binti anaona haya kumgusa mtu mzima miguu, akamwonea huruma.

"Usiogope, mwanangu," alisema, macho bado yamefumbwa. "Anza tu. Mimi niko tayari."

Kisha mkono wa mke wake ukatua begani kwake, na huo aliusikia.

"Fumbua macho, Baba Pacha," alisema mke wake. "Ameshamaliza."